Uchafu ya Ndege ya Nyota

Mimi niliharibu filamu ya mutu kwa mudomo yangu, na haikuchukua hata dakika mbili.

Ilikuwa Koboko, ndani ya kibanda ya video, Jumamosi muchana. Mwenye kibanda alikuwa ametengeneza filamu yake mwenyewe na simu, na watu wa mutaa ndio walicheza. Habari yake ilikuwa hivi: ndege ya nyota, ile ya kutoka huko juu kabisa, inashuka kwa shamba ya muhogo, wageni wanatoka, wanaomba maji ya kunywa, na mambo inaanza hapo. Ilikuwa inaenda vizuri. Watu walikuwa kimya, wanatafuna karanga pole pole. Halafu ndege yenyewe ikatokea. Ilikuwa kifuniko ya sufuria, imefungwa na uzi ya kushona, inazunguka. Hata ile mahali ya kushika ilionekana.

Mimi nilikuwa kwa benchi ya mbele. Nikasimama.

"Mama ya sufuria! Kuja chukua kifuniko yako, maharage inamwagika!"

Basi. Kibanda yote ilianguka na kicheko. Muzee moja karanga ilipitia njia mbaya mupaka wakamupiga mugongo. Kutoka pale hakuna kitu ilibaki salama. Kwa filamu mama analia, watu wanacheka. Baba anakufa, watu wanapiga benchi. Mwenye kibanda akazima mashine, akafungua dirisha, jua ikaingia, akakuja mupaka mbele yangu. Yeye ni mutu mupole, hata sauti yake iko ya kanisa.

"Wewe mudomo. Unafanya kazi gani siku hizi?"

"Niko Arua, gereji. Napiga gari rangi."

"Sawa. Fundi ya rangi. Pahali ya ndege nitapiga picha upya, na ndege utatengeneza wewe. Nitaonyesha Jumamosi ya mwisho ya mwezi yenye inakuja, watu hawa hawa. Wakicheka ndege yako, hii benchi usikalie tena. Hata kwa mulango usisimame."

"Na wasipocheka?"

"Utakaa."

Nyuma mutu akasema, "Leo amepatikana," na mara hii walicheka mimi.

Utasema benchi ni mbao tu. Ile benchi nilianza kukalia nikiwa primari ya tatu, muguu haifiki chini. Shule ilinimaliza kwa darasa ya saba, lakini kibanda iliendelea na mimi. Watu walikuwa wanaingia, wanauliza kwanza, "Ule wa mbele iko?" Nikiwa iko, wanakaa. Kule gereji mimi ni mutu ya kushika musasa. Kwa ile benchi mimi ni mutu kamili. Kwa hiyo nilirudi Arua, nahesabu siku.

Ndege nilianza wiki ile ile, saa ya chakula, nyuma ya gereji. Mwili ilikuwa jerikeni ya lita tano, nimepasua katikati kama samaki. Miguu ilikuwa chuma ya mwamvuli yenye niliokota kwa soko ya Inde, kwa sababu Inde upepo ikishika mwamvuli mwenyewe anaacha tu. Madirisha ilikuwa pakiti ya dawa ya malaria, ile plastiki yenye matumbo matumbo. Injini ya nyuma ilikuwa plagi mbili ya pikipiki. Vifungo ya kalkuleta nilibandika kwa mugongo. Mutu akiuliza ni ya nini, unasema ni ya hewa, na yeye anakubali, kwa sababu hata yeye hajafika huko.

Muzee ya gereji alikuja kuangalia. Yeye ni mutu ya Omugo, anaongea kidogo, na gari ikitoka kwa mukono yake hata mwenyewe anapita bila kuijua.

"Hiyo nini?"

"Ndege ya nyota, muzee."

"Piga puti vizuri hapo kwa kiungo. Ninaona mustari."

Yeye hakuuliza tena. Kwake kitu ni kitu, kiungo ni kiungo. Nikapiga puti, ile ya kuziba mustari, nikapiga musasa ya maji, nikapiga praima, ile rangi ya chini, nikapiga rangi ya fedha mara tatu na juu yake vanishi. Nilifanya kama alinifundisha: mupaka sura yako ionekane ndani. Muzee akazungusha ile kitu kwa mukono, akatoa sauti moja ya pua. Ile sauti, kwa miaka nimekaa hapo, nimesikia labda mara nne.

Nilipeleka Koboko ndani ya shuka, kwa magoti. Mama moja kwa gari aliniuliza kama ni mashine ya kukamua maji ya machungwa. Nikamuambia ndiyo, ili tuishi kwa amani.

Mwenye kibanda akaweka ndege kwa tofali, akapiga picha na simu, akaangalia. Akaangalia tena. Akanipa simu.

"Wewe unaona nini?"

Niliona birika. Birika mupya, ya harusi. Na ndani ya ubavu yake nilimuona mwenye kibanda mwenyewe, ameinama na simu, na nyuma yake baiskeli ya mutu.

"Imepigwa vizuri," nikasema.

"Sana. Hata mimi niko ndani."

Zilibaki wiki mbili.

Muzee ya gereji alikuwa amenipa ruhusa ya hizo wiki, kwa hiyo nilienda kulala kwa mama mudogo, ule mudogo ya mama yangu. Yeye anaosha malori pale Koboko kwa mutoni. Baba yake alikuwa askari, na yeye anaongea na madereva kama komanda. Dereva ya lori kubwa, mutu na tumbo yake, akifika pale anaambiwa "Ondoa viatu, panda huko, toa ile kapeti," na anaondoa viatu.

Nilimueleza shida. Ndege inaonekana imetoka duka, na mimi nataka ionekane imetoka safari. Siku ile nilikuwa nimeshaanza kurekebisha: nilichukua oili chafu, nikapaka ndege yote, juu, chini, pande mbili, halafu nikamwagia vumbi nyekundu ya barabara. Nilikuwa nafurahi. Nilimuletea kama mutu analeta mutoto kwa ubatizo.

Mama mudogo akapangusa mukono kwa kitenge, akashika, akaangalia muda murefu. Mabega yake ikaanza kutikisika.

"Mama mudogo, unacheka?"

"Hapana. Nakohoa." Akacheka mupaka akakaa kwa jerikeni. "Mutoto ya dada yangu, hii si uchafu. Umepaka kama siagi kwa mukate. Hii kitu ilianguka kwa choo?"

"Imetoka nyota!"

"Na hii mawe juu yake ni nini?"

"Vumbi."

"Vumbi! Kama ndege iko kubwa kama lori, hii vumbi yako iko kubwa kama embe. Imenyeshewa na maembe?"

Hapo alinishika kweli. Nilikuwa nafikiri vumbi ya kweli ndiyo itaonekana ya kweli. Lakini kitu ikiwa ndogo, vumbi haipunguki pamoja nayo. Kila punje ilikuwa imekaa pale kama ng'ombe amelala.

Akasimama, akanivuta mupaka kwa lori moja yenye ilikuwa inangojea maji. Ilikuwa inatoka mbali, rangi yake ya bluu ilikuwa imezeeka.

"Hii imetoka wapi?" akauliza.

"Nitajua aje? Uliza dereva."

"Dereva anaweza kudanganya. Angalia ubavu."

Akanionyesha. Uganda gari inapita mukono ya kushoto ya barabara, kwa hiyo majani na miiba ya kando inakwaruza ubavu ya kushoto. Ubavu ya kulia inakutana na gari zenye zinakuja, na hizo zinaitupia matope. Hiyo mimi nilikuwa naona kila siku na sijawahi kuona. Gereji gari ikifika, sisi tunaangalia pahali imeumia, tunaziba, mambo imekwisha.

"Sasa Sudan na Kongo wanapita mukono gani?"

"Kulia."

"Basi?"

Nikazunguka lori. Ubavu ya kulia ilikuwa na mistari ya miiba, mirefu, tena mupya. Ya kushoto ilikuwa na mistari pia, lakini ya zamani, imeshafunikwa na vumbi.

"Imetoka Sudan," nikasema.

"Imekaa huko wiki nyingi. Na tanboi yake, ule kijana ya kusaidia dereva, anatumia mukono ya kushoto, angalia pahali anashika akipanda. Na tangi ya dizeli inavuja, lakini wanafunga na sabuni." Akanirudishia ndege yangu. "Sasa hii yako. Inaenda wapi?"

"Inakuja Koboko."

"Hiyo ni mwisho. Imepita wapi? Inabeba nini? Nani anafungua hii mulango? Anavaa viatu?"

Mimi, mutu ya majibu, nikaanza kutoa mawe na ukucha.

"Basi unataka kuweka uchafu ya nani?" akauliza, na akarudi kwa mupira yake ya maji.

Jioni ile nilikaa na ndege kwa kizingiti ya mulango, nikaanza kudanganya, lakini safari hii kwa mpango. Nikasema: hii ndege inabeba maji kavu kama unga. Inaenda na kurudi kwa nyota yenye watu wake wanapita mukono ya kulia. Dereva ni muzito, anakanyaga hapa. Injini ya kushoto ni muzee, inatoa moshi mingi. Mulango inakwama chini, wanapiga na teke. Nilimuambia mama mudogo yote. Alisikiliza, anachagua maharage.

"Teke ya muguu gani?"

"Kulia."

"Sawa. Endelea."

Nikakwangua kila kitu mupaka kwa plastiki. Safari hii nilipiga kwanza rangi ya kutu, kahawia yenye inaelekea nyekundu. Ikikauka, nikaweka maji kidogo na chumvi ya jikoni pahali yenye kitu inagongwa: pembe, chini ya mulango, mudomo ya mbele. Juu yake nikapiga rangi ya kijivu, bila vanishi. Halafu unasugua chumvi na kidole, inatoka na ile rangi yenye imeshika, na kutu inabaki inachungulia kama rangi imebanduka yenyewe. Mama mudogo alipoona chumvi yake inaisha aliuliza kama ndege iko na goita, ule uvimbe ya shingo yenye chumvi inazuia.

Kipande ya godoro nilichovya kwa rangi nyeusi, nikafuta kwa gazeti mupaka karibu iishe, nikagusa kidogo kidogo kwa kingo. Oili chafu nilichanganya na petroli mupaka ikawa maji, ikaingia kwa viungo yenyewe, na juu nikafuta kwa kitambaa, kwa kuvuta chini tu, kwa sababu mvua haipandi. Moshi ya injini muzee nilichukua kwa taa ya mafuta, nikashika plagi juu yake. Mistari ya miiba nilichora na sindano, ubavu ya kulia mingi, ya kushoto michache, na hiyo michache nikaizeesha. Hapo mama mudogo alinishika mukono.

"Acha."

"Bado kidogo."

"Acha! Kila mutu anaosha gari mara moja moja. Hata hawa wa nyota wako na mama. Acha pahali safi, ili mutu ajue uchafu ni uchafu."

Nikaacha mugongo yake karibu safi.

Vumbi ndiyo ilibaki. Nilisaga udongo nyekundu kwa jiwe, nikachuja kwa kitambaa ya kichwa ya mama mudogo, ile nyepesi, nikasaga tena, nikachuja tena, mupaka ikawa kama poda ya mutoto. Nilitaka kumwaga juu yote. Mukono ilikuwa imeshapanda.

"Huko juu iko na udongo nyekundu?" akauliza, bila kugeuka.

Nikashusha mukono. Udongo nyekundu ni yetu. Ndege inapata ikishuka tu. Kwa hiyo niliweka kwa miguu, kwa tumbo, na nyuma kidogo pahali injini inapuliza. Nilipomaliza niliweka ndege kwa dirisha, na mara ya kwanza sikuiona jerikeni.

Ile pahali ya filamu tulipiga picha kule Ludara, kwa kando ya muhogo. Mwenye kibanda aliweka simu chini kabisa, karibu kula udongo, ndege mbele, muhogo mbali nyuma, na kwa simu ile kitu ilikuwa kubwa kama ghala. Aliangalia simu, akaangalia ndege. Akauliza kitu moja tu: kwa nini ubavu moja imekwaruzwa kuliko ingine? Nikamuambia ni siri ya kazi. Niliogopa kueleza. Ukieleza kitu halafu watu wacheke, unaanguka mara mbili.

Jumamosi ikafika. Kibanda ilijaa mupaka watu walikaa chini. Habari ilikuwa imetembea. Hawakukuja kwa sababu ya wageni wa nyota, walikuja kuona mudomo inafungwa. Malori mingi ilikuwa imelala Koboko wikiendi ile, kwa hiyo nyuma yote ilikuwa madereva na tanboi wao. Mama mudogo alikuja, mara yake ya kwanza ndani ya kibanda, akakaa kwa ukuta na kitenge safi. Mimi nilikaa kwa benchi yangu. Karanga nilinunua, sikula.

Filamu ikaanza. Shamba ya muhogo. Mama analima. Anasikia sauti, anaangalia juu. Mimi niliangalia viatu yangu.

Kimya.

Nikainua macho. Ndege ilikuwa pale kwa ukuta ya mbele, pahali filamu inapigwa, inakaa kwa miguu ya mwamvuli, na moshi nyuma yake. Nilihesabu mupaka nne. Nikasikia mutu nyuma anavuta pumzi, ile pumzi mimi mwenyewe huwa navuta kabla ya kupiga, naijua, na nikasema kwa roho, kwaheri benchi.

"Hiyo imetoka Sudan!"

Ilikuwa sauti ya dereva, sauti ya mutu amezoea kupigania njia. "Angalia ubavu ya kulia! Imekula miiba yote ya Sudan!"

"Na injini ya kushoto imekwisha," mwingine akasema. "Hiyo ni ringi ya pistoni."

"Ringi nini, hiyo ni oili. Dereva, shuka, ongeza oili!"

"Tanboi iko wapi? Mulango inapigwa teke, na yeye anaangalia tu!"

Kibanda ikacheka. Ikacheka vizuri, kicheko ya tumbo. Kwa ukuta, mugeni ya kwanza akafungua mulango na kutoka, amevaa ovaroli, na mutu akamupigia: "Bosi, leta makaratasi!" Wakacheka tena. Lakini mugeni alipoomba maji, wakanyamaza. Mama ya shamba alipokataa, mutu moja akasema pole pole, "Mupe maji, huyu ametoka mbali." Na hakuna mutu alicheka hiyo. Filamu ilifika mwisho. Baba alipokufa, yule muzee wa karanga alifuta macho na kofia.

Dirisha ikafunguliwa. Mwenye kibanda akakuja mbele yangu, na watu hawakutoka, kwa sababu walijua kesi iko.

"Walicheka," akasema.

"Walicheka dereva."

"Nilisema wakicheka ndege."

"Ndege hawakucheka! Walisema injini imekwisha. Kifuniko ya sufuria iko na injini?"

Akafikiri. Akageuka kwa wale wa nyuma. "Nyinyi mulicheka nini?"

Yule dereva ya Sudan akasimama. Alikuwa mutu kubwa, na alijibu kama iko mbele ya polisi. "Tulicheka ule mutu anaendesha bila kufanya sevisi. Gari yenyewe iko sawa. Gari haina makosa."

"Gari," mwenye kibanda akasema.

"Ndege. Chochote."

Mwenye kibanda aliniangalia kidogo tena, akasema kwa ile sauti ya kanisa, "Kaa," akaenda kuzima jenereta. Nikakaa. Hapo ndiyo nilikula karanga.

Inje, mama mudogo alikuwa anangojea. Nilifikiri atasema kitu. Alisema kitu moja, tukiwa tumeshavuka barabara: "Ule mutu wako ya ovaroli, viatu yake ilikuwa safi."

Ilikuwa kweli. Ndege yote nilichafua, nikasahau viatu ya mwenye kuendesha.

Sasa ile ndege imefungwa juu ya mulango ya kibanda, na waya. Nikitoka Arua kwenda kusalimia watu, kitu ya kwanza nashika brashi ndogo, napanda kwa kiti, naondoa vumbi. Vumbi ya Koboko ya kweli inakalia kila wiki, punje kubwa kubwa, na ikikaa pale ndege inarudi kuwa jerikeni. Watu wakipita wananiuliza kwa nini napangusa kitu chafu na inabaki chafu. Nawaambia wangojee, bado sijamaliza ubavu ya kulia.